Bima kwenye Google: jinsi jina la mnunuzi linavyouzwa kabla yeye hajanunua kitu

Mtu anayetafuta bima ya gari kwenye Google huko Marekani anafikiri amekwenda kununua. Kumbe yeye mwenyewe amekwisha kuwekwa sokoni. Anaandika maneno matatu kwenye simu, anabonyeza ukurasa ulio juu, anajaza jina lake, namba ya simu, mwaka wa gari na mtaa anaokaa. Kabla hajaiweka simu mezani, inalia. Anayempigia si mwenye ule ukurasa. Ni wakala aliyenunua namba hiyo sekunde chache zilizopita, na mara nyingi wako wengine wawili, watatu au zaidi walioinunua kwa wakati mmoja naye.

Biashara hii ina zaidi ya miaka 20 katika nchi za Magharibi, na Wakongomani wamekwisha kuingia ndani yake bila kuijua. Makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka DRC, wengi wao wasemaji wa Kiswahili waliopita katika kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda, wamepewa makao Marekani. Karibu katika majimbo yote ya nchi hiyo, kuendesha gari bila bima ni kosa. Kwa hiyo kati ya mambo ya kwanza ambayo familia iliyofika jana inatafuta kwenye simu, bima ya gari haiko mbali na kazi na shule ya watoto. Na hapa nyumbani, soko la bima lililokuwa la kampuni moja ya serikali kwa karibu miaka 50 limefunguliwa, kampuni za binafsi zinatafuta wateja, na simu ndiyo njia fupi ya kuwafikia.

Komisioneri asiye na nyumba

Yeyote aliyetafuta nyumba ya kupanga Goma, Bukavu au Lubumbashi anamfahamu komisioneri. Hana nyumba. Anajua tu nani ana nyumba na nani anaitafuta, na anakula katikati, mara nyingi kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Tovuti nyingi zinazotokea juu kabisa unapotafuta bima ni komisioneri wa namna hiyo. Hazina bima. Siku ya ajali hazitalipa kitu, na ukizipigia hazitajua hata faili yako iko wapi.

Tofauti moja ni kubwa. Komisioneri wa mtaa analipwa mpangaji akisaini na kupewa ufunguo. Komisioneri wa intaneti anaweza kulipwa hata kama mtu hakununua bima yoyote, kwa sababu anachouza ni jina: mtu huyu, mwenye gari hili, anayekaa hapa, anatafuta bima leo. Baada ya kuliuza, kazi yake imekwisha.

Mnada wenyewe unafanyika ndani ya kompyuta, haraka kuliko mtu anavyopepesa jicho. Mtu akimaliza fomu, mtambo unatuma sehemu ya habari zake, bila jina na bila namba ya simu, kwa wanunuzi walioungwa humo. Kila mtambo wa mnunuzi unajibu kwa bei. Dereva wa miaka 45 asiye na ajali, mwenye nyumba yake, anapata bei ya juu. Kijana wa miaka 19 aliyekwisha kupata ajali mbili, wengine hawamtaki hata bure. Anayeshinda ndiye anayefunuliwa jina na namba. Jina linalouzwa kwa mtu mmoja tu lina bei kubwa. Linalouzwa kwa wengi ni rahisi kwa kila mnunuzi, lakini muuzaji anakusanya kwa kila mmoja wao, na ndiyo maana simu ya yule aliyejaza fomu hailii mara moja ikanyamaza.

Kwa wakala mdogo hesabu ni ngumu. Tuseme ananunua majina 100 kwa dola 10 kila moja. Ametoa dola 1000. Wengine hawapokei simu, wengine waliandika namba za uongo, wengine wamekwisha kununua kwa mwenzake aliyewahi kupiga. Akibaki na wateja watano, kila mmoja amemgharimu dola 200, na bado hajalipa mshahara wa msichana anayepiga simu wala kodi ya biro. Mwezi unaofuata anaanza tena, kwa sababu majina ya mwezi uliopita yamekwisha.

Hapo ndipo wengi walipoona faida ya kuwa na tovuti yao wenyewe. Tovuti iliyopanda juu katika Google inaleta watu usiku na mchana bila kulipiwa kila mmoja. Anayejaza fomu hapo ni mteja wa wakala peke yake, hauzwi kwa watatu wengine. Shida iko kwenye neno "iliyopanda".

Nani anakaa juu

Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, wazo lao lilikuwa rahisi kueleza: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nyingi, hasa kurasa zenye heshima, lazima uwe na kitu cha maana. Kila kiungo kutoka tovuti nyingine ni kama kura. Tangu wakati ule mambo mengine mengi yameongezwa, kama kasi ya ukurasa kwenye simu, mahali alipo anayetafuta, na kama maandishi yanajibu swali lililoulizwa. Kwa kurasa zinazogusa pesa na afya ya watu, na bima ni mojawapo, Google inasema inadai uaminifu wa juu zaidi.

Nafasi hiyo ya juu haiuzwi. Kinachouzwa ni matangazo, ambayo hukaa juu ya orodha au katikati yake yakiwa na alama ndogo inayosema yamelipiwa. Macho mengi yanaipita alama hiyo bila kuiona. Google yenyewe inaonya kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza, na kwamba kazi ya kuinua tovuti kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka mmoja kabla ya matunda kuonekana. Anayekuja na ahadi ya kukuweka wa kwanza kwa wiki mbili kwa dola 150, sasa unajua la kumwambia.

Kwa nini watu wanapigana hivyo kwa ajili ya neno moja? Kwa sababu mteja wa bima halipi mara moja akaondoka. Mwenye gari anarudi kila mwaka, baadaye analeta nyumba yake, kisha bima ya maisha. Kampuni inayojua hivyo inakubali kutoa pesa nyingi kwa salamu ya kwanza. Mwaka 2011 kampuni ya Marekani WordStream ilichunguza maneno yaliyokuwa ghali zaidi katika matangazo ya Google, na "bima" kwa Kiingereza ikatokea ya kwanza: bei ya juu ilifika dola 54.91 kwa kubonyezwa mara moja tu. Si kwa mteja aliyenunua. Kwa kidole kilichogusa tangazo.

Hata majina ya tovuti yaligeuka kuwa mali kama viwanja vya mjini. QuinStreet, kampuni ya California inayoishi kwa kukusanya na kuuza wateja watarajiwa, ilinunua Insure.com mwaka 2009 kwa dola milioni 16. Mwaka uliofuata ikachukua Insurance.com kwa dola milioni 35.6 na CarInsurance.com kwa dola milioni 49.7. Hesabu rahisi: zaidi ya dola milioni 100 kwa anwani tatu za intaneti pamoja na biashara iliyokuwa nyuma yake. Hakuna hata moja kati yao ambayo yenyewe ndiyo inayolipa gari likigonga mti.

Uingereza: vita vya neno moja

Hakuna nchi ambako vita hivi vilionekana wazi kama Uingereza. Mwaka 2002 kampuni ya bima Admiral, yenye makao Cardiff katika Wales, ilifungua Confused.com, tovuti ambako dereva anajaza fomu moja na kuonyeshwa bei za kampuni nyingi. Mwaka 2006 Hayley Parsons, aliyefanya kazi huko, aliondoka na kuanzisha GoCompare katika mji wa jirani wa Newport. Moneysupermarket ilikuwa tayari kubwa, na Comparethemarket ikaja pia. Wote wanne walitaka kitu kimoja: mtu akiandika "bima ya gari" kwa Kiingereza, awaone wao kwanza.

Mwanzoni mwa 2008 GoCompare iliamka ikakuta imeanguka. Kwa maneno hayo hayo ambayo kampuni iliishi kwayo, haikuwa tena kwenye ukurasa wa kwanza wa Google. Ilikuwa imesukumwa kurasa kadhaa nyuma, mahali ambapo karibu hakuna mtu anayefika. Wajuzi wa kazi hiyo waliieleza kama adhabu kwa sababu ya viungo. Ikiwa kila kiungo ni kura, basi kura zinaweza kununuliwa, na Google inakataza kununua. Tovuti haikufungwa, hakuna polisi aliyekuja, hakuna barua ya mahakama. Ilikuwa tu haionekani, na kwa biashara ya namna hii kutoonekana ni sawa na duka lililowekewa ukuta mbele ya mlango.

GoCompare ilirudi baada ya muda. Lakini mwaka 2009 ilitoka pia kwa njia nyingine: matangazo ya televisheni yenye mwimbaji wa opera mwenye masharubu akipaza sauti jina la kampuni. Watu wengi walimchukia, na wote walilikumbuka jina. Anayelikumbuka jina haandiki tena "bima ya gari" kwenye Google. Anaandika GoCompare, na hapo hakuna wa kumshinda.

Comparethemarket ilitumia akili hiyo hiyo kwa namna ya kuchekesha zaidi. Neno "market", yaani soko, lilikuwa ghali katika matangazo ya Google: paundi kadhaa kwa kila kubonyezwa, kwa sababu kila mtu alilitaka. Lakini kuna mnyama mdogo wa jangwa la Kalahari, jamaa wa nguchiro, ambaye kwa Kiingereza anaitwa "meerkat", na matamshi yake yanafanana na neno lile. Yeye alikuwa anapatikana kwa peni chache. Mwezi Januari 2009 kampuni ikamtoa kwenye televisheni mnyama huyo akiwa amevaa kama bwana mkubwa wa Kirusi, Aleksandr Orlov, akilalamika kwamba watu wanaichanganya tovuti yake ya wanyama na tovuti ya bima. Taifa zima likacheka na kwenda kumtafuta mnyama huyo kwenye intaneti. Wachache walijua kwamba mzaha wote ulianza na bei ya neno kwenye Google.

Kisha Google yenyewe ikaingia uwanjani. Mwezi Machi 2011 ilinunua BeatThatQuote, tovuti ya Uingereza ya kulinganisha bei za bima na mikopo, kwa paundi milioni 37.7. Habari ilipotoka, watu wa kazi hiyo walikwenda kuichunguza na kuonyesha hadharani kwamba tovuti hiyo ilikuwa imejaa viungo vya aina ambayo Google inakataza. Google ikalazimika kuiadhibu mali yake mpya kwa sheria zake yenyewe, na BeatThatQuote ikatoweka kwenye nafasi zake za juu. Refa aliyenunua timu alianza kwa kuitolea kadi nyekundu.

Mwezi Machi 2015 Google ilipeleka huduma yake ya kulinganisha bima ya gari California. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2016, iliifunga, Marekani na Uingereza pia. Kampuni iliyojua kila mtu anatafuta nini haikuweza kuifanya kazi ya komisioneri ilipe. Kwa upande mwingine, ilikuwa na sababu ndogo ya kulia: kampuni za bima na makomisioneri wao wote ni wateja wake wa matangazo, na pesa zao zinaingia iwe inalinganisha bima au hailinganishi.

Jina likianguka mikono mibaya

Mpaka hapa mtu anaweza kusema ni ugomvi wa matajiri. Wanaoumia ni wale wanaojaza fomu wakiamini wanaongea na kampuni ya bima, au na serikali.

Mwezi Oktoba 2018 FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, iliipeleka mahakamani Simple Health, kampuni ya Florida. Kwa mujibu wa tume, watu waliotafuta bima ya afya kwenye intaneti waliangukia tovuti zilizoonyesha majina na alama za mashirika yanayojulikana, wakaacha namba zao, kisha wakapigiwa simu na wauzaji waliowaahidi bima kamili. Wengine walilipa hadi dola 500 kwa mwezi. Walipofika hospitali waligundua kwamba walichonunua ni kama kadi ya punguzo, na deni lote la matibabu ni lao. Mwezi Februari 2024 mahakama iliamua kampuni hiyo na mkuu wake walipe dola milioni 195.

Mwezi Agosti 2025 ikawa zamu ya MediaAlpha, moja ya minada mikubwa ya majina ya wateja wa bima nchini humo. Tume ilidai kwamba kampuni ilitumia majina ya tovuti na matangazo yaliyowafanya watu wafikiri wako kwenye mpango wa serikali wa bima ya afya, kisha ikauza habari zao kwa wapiga simu. MediaAlpha ilikubali kulipa dola milioni 45 ili kumaliza kesi.

Mlango ambao mambo haya yote yanapitia ni maandishi madogo chini ya fomu. Anayebonyeza kitufe cha kupata bei anakuwa amekubali kupigiwa simu na "washirika" wa tovuti, na orodha ya washirika hao, ukiifungua, inaweza kuwa na mamia ya majina. FCC, tume inayosimamia mawasiliano, iliamua mwishoni mwa 2023 kwamba ruhusa iwe ya kampuni moja kwa moja: ukitaka watano wakupigie, utoe ruhusa tano. Sheria hiyo ilitakiwa kuanza tarehe 27 Januari 2025. Siku tatu kabla, mahakama ya rufaa ya Atlanta iliifuta. Walioishtaki ni muungano wa wafanyabiashara wa soko la bima wenyewe.

Kwa Mkongomani aliyefika karibuni Marekani, ambaye Kiingereza chake bado ni kidogo, maandishi hayo madogo hayasomeki hata kwa darubini. Kuna alama moja isiyohitaji Kiingereza kingi. Soko rasmi la serikali la bima ya afya liko HealthCare.gov, na herufi za mwisho .gov hutumiwa na idara za serikali peke yake. Tovuti yenye neno "government" katikati ya jina lake lakini ikaishia na.com ni ya mfanyabiashara. Kituo cha simu cha HealthCare.gov kina wakalimani bila malipo. Kwa bima ya gari, anayetaka simu isilie wiki nzima anaweza kwenda moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni ya bima yenyewe, au kwa wakala mwenye biro mtaani, na kuacha kabisa kurasa za kulinganisha zinazodai namba ya simu kabla ya kuonyesha bei hata moja.

Hapa kwetu

SONAS ilianzishwa mwaka 1966 na kwa karibu nusu karne ilikuwa peke yake. Haikuwa na haja ya kumtafuta mteja: bima ya madhara kwa wengine ni lazima kwa kila gari tangu sheria ya 1973, na aliyekuwa barabarani alijua njia ya kwenda SONAS, au njia ya kumkwepa polisi wa barabarani. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 iliumaliza ukiritimba huo. Mamlaka mpya, ARCA, ilipewa kazi ya kusimamia soko, na mwaka 2019 ikatoa vibali vya kwanza kwa kampuni za binafsi, zikiwemo Activa, Rawsur na SFA Congo. Kibali hakihusu kampuni peke yake: hata dalali wa bima anatakiwa kuwa nacho.

Sasa mwenye gari wa Butembo au Kalemie akichukua simu, atatafuta kwa lugha gani? Akiandika "assurance auto" mara nyingi analetewa kurasa za Ufaransa, zenye sheria ambazo si zetu na bei za euro. Akiandika "bima ya gari" analetewa Kenya na Tanzania. Na mtaani kwetu watu wengi hawasemi bima. Wanasema asiransi, na wanaliandika kila mtu kwa namna yake. Kwa anayejua kazi ya kuinua tovuti, pengo la namna hiyo ni kama uwanja mtupu katikati ya mji. Maneno ambayo Uingereza yaligharimu mamilioni, hapa bado karibu hayana mwenyewe.

Atakayeukalia uwanja huo wa kwanza anaweza kuwa dalali mwenye kibali cha ARCA anayeeleza mambo vizuri. Anaweza pia kuwa kijana mwenye tovuti ya dola 50 anayekusanya namba na kuziuza kwa yeyote. Kwa Google wote wawili wanaanza sawa. DRC ina sheria ya kumgusa wa pili: Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za watu binafsi na kudai ruhusa yao kabla ya kuzitumia. Lakini sheria iliyo Kinshasa haimfikii haraka mtu anayepokea simu za ajabu kule Uvira, na ingefaa kampuni za bima zenyewe zikatae kununua majina ambayo hazijui yametoka wapi. Wakifanya hivyo, biashara chafu inakosa mnunuzi.

Kwa dalali mwaminifu kazi yenyewe si ya miujiza, na gharama kubwa ni muda. Ukurasa mwepesi usiomaliza mega za mteja, unaofunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Jina la kampuni, namba ya kibali, mahali biro ilipo, saa za kufungua, namba ya WhatsApp. Wasifu wa biashara kwenye ramani ya Google, ambao ni bure, na ambao unafanya mtu aliye karibu akuone kabla ya kampuni ya mbali. Kisha maswali ambayo watu wanauliza kweli, kila moja na jibu lake: bima ya lazima inamlipa nani, mimi au niliyemgonga? Pikipiki ya teksi inahitaji ipi? Baada ya ajali nikimbilie wapi kwanza, na nibebe karatasi gani? Ukurasa unaojibu maswali hayo unatajwa na wengine bila kununuliwa, na hizo ndizo kura ambazo Google haiwezi kuziadhibu.

Tanzania imekwenda hatua moja zaidi kwa upande wa mnunuzi. Mamlaka ya bima ya huko, TIRA, ina mfumo kwenye intaneti ambako mtu anaweza kuhakiki kama bima ya gari ni ya kweli. Anayeuza karatasi bandia anashikwa na simu ya mteja mwenyewe.

Kuna swali moja ambalo kila mwenye lori anayepeleka au kuleta mizigo ng'ambo ya mpaka analiuliza, na jibu lake lina pesa. Gari la DRC likivuka kuingia Rwanda, Uganda au Burundi, bima ya nyumbani peke yake haitoshi. Linahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo DRC ni mwanachama wake, na ambayo inakubaliwa pia Kenya na Tanzania. Nani anaitoa katika mji wangu, inachukua siku ngapi, inagharimu kiasi gani kwa lori la tani 30, na nikigonga mtu Kampala nimpigie nani? Madereva wanaulizana hayo kwenye foleni za mpaka na kwenye makundi ya WhatsApp, kwa Kiswahili cha huku. Dalali mwenye kibali anajua majibu yote kwa kichwa. Kuyaandika kwenye ukurasa mmoja, kwa maneno ya madereva wenyewe, ni kazi ya siku mbili.